Paka wa Mtaa ni wa Nani?

Jua likishazama, mama mmoja hushuka ngazi za jengo letu akiwa na sufuria ndogo mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili. Hawaiti. Paka wamekwisha kumsikia tangu alipofungua mlango wake huko juu, na anapofika nyuma ya jengo wapo sita au saba wanamzunguka miguuni, mikia wima. Mmoja, jike mwenye madoa meusi na ya rangi ya kutu, hubaki mbali juu ya ukuta. Ncha ya sikio lake la kushoto haipo. Imekatwa ikanyooka kama iliyopimwa kwa rula.

Kabla sikio hilo halijakatwa, jioni moja jirani wa ghorofa ya chini alimngoja mama pale pale.

"Mama, hawa paka wako wamenichosha. Usiku kucha wanapigana dirishani kwangu, asubuhi mlango unanuka mkojo."

"Si wangu, baba."

"Kama si wako ni wa nani? Mbona unawalisha?"

Mama hakujibu, na mimi niliyekuwa nimesimama kando sikuwa na jibu la kumsaidia. Tangu siku hiyo nimesoma, nimewauliza madaktari wa mifugo, nimekesha kando ya mitego, na ninaamini kwamba ugomvi karibu wote kuhusu paka wa mitaani unaanzia kwenye swali hilo. Paka wa mtaa ana wenyewe wengi: anayemlisha, anayemfukuza, aliyemtupa, anayeacha pipa la taka wazi. Kila mmoja anaamua lake kuhusu mnyama yule yule bila kumwambia mwenzake.

Tuanze na paka mwenyewe, maana hata yeye hatumjui vizuri. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2007 vilionyesha kwamba paka wote wanaofugwa duniani wametokana na paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Karibu, ukoo wa kimburu. Katika kisiwa cha Kupro, ambacho hakikuwa na paka wa asili, limefukuliwa kaburi la takriban miaka 9,500 ambamo paka amezikwa sentimita 40 hivi tu kutoka kwa mtu. Paka huyo hakuogelea hadi kisiwani. Kuna mtu alimpandisha chomboni. Kwa hiyo uhusiano huu ni wa zamani kuliko mji wowote tunaougombania leo.

Mitaani wapo paka wa aina mbili, na kuwachanganya ndiko kunakoharibu mipango mingi yenye nia njema. Wa kwanza aliwahi kuwa na nyumba. Alipotea, au wenyewe walihama wakamwacha, au alitiwa kwenye kiroba akatupwa mbali tumbo lilipoanza kuonekana. Huyu hukutazama usoni, huinua mkia, hulia akikuona. Wa pili alizaliwa chini ya ngazi au ndani ya mtaro, mama yake naye hivyo hivyo, na hajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Huyo hakulilii. Hutambaa kando ya ukuta tumbo likikaribia ardhi, na hula ukishaondoka.

Damu yao ni moja. Kinachowatofautisha ni majuma machache ya utotoni. Mtoto wa paka hujifunza nani wa kumwamini kati ya juma la pili na la saba hivi tangu azaliwe. Akishikwa, akisemeshwa, akizoea harufu ya watu katika siku hizo, atakuwa paka wa mapajani. Siku hizo zikipita bila mkono wa mtu, anakua mnyama anayetuogopa kama anavyomwogopa mbwa, na ukimfungia ndani akiwa mkubwa umempa kifungo. Wengi hushauri, "Basi wapelekwe kwenye kituo cha wanyama." Ushauri huo unamfaa aliyetupwa na unawafaa wadogo. Kwa mkubwa aliyezaliwa nje, kituo kina mambo mawili tu ya kumpa: tundu la maisha au sindano ya mwisho.

Sasa hesabu, na hapa ndipo maneno mengi yasiyo ya kweli hupita. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita. Hubeba kwa siku 63 hadi 65 hivi, kwa kawaida huzaa watoto wanne, na anaweza kupata mimba nyingine kabla hao hawajaacha kunyonya. Yai lake hushuka kwa kupandwa, si kwa mzunguko wa siku, kwa hiyo akishapandwa mara kadhaa ni nadra kukosa. Mzao mmoja unaweza hata kuwa na baba zaidi ya mmoja. Kutokana na hayo imezuka ile takwimu ya mabango, kwamba jike mmoja na uzao wake hufikia paka 420,000 ndani ya miaka saba.

Haijawahi kutokea popote. Takwimu hiyo inahesabu waliozaliwa na kuwasahau waliokufa. Huko North Carolina, Marekani, watafiti walifuatilia watoto 169 waliozaliwa kwenye makundi ya paka wasiofugwa. Kabla ya kutimiza miezi sita, 127 walikuwa wamekufa au wametoweka. Ni robo tatu yao. Mtaa unaosema "tuwaache tu, maumbile yatafanya kazi yake" una mpango wa uzazi tayari, ila unatekelezwa na magari, mbwa, mafua na njaa, huko chini ya magari yaliyoegeshwa na ndani ya mitaro tusikoangalia. Nikiulizwa kwa nini ninahangaika na kufunga paka kizazi, hesabu hii ndiyo ninayoitaja kabla ya nyingine zote.

Kitu kingine kinachoamua wingi wa paka ni chakula. Yako maeneo duniani yenye paka mmoja kwa kilomita ya mraba au hata pungufu, na mengine yana zaidi ya 2,000. Tofauti kubwa hutokana na chakula kilichorundikana mahali pamoja: jalala, gati la samaki, sufuria ya mama. Palipo na chakula cha hivyo, majike wa ukoo mmoja, mama, binti na dada zake, hukaa pamoja na hata hunyonyesheana watoto. Madume hawatulii. Huzunguka eneo kubwa zaidi, wakipita kundi hadi kundi kufuata harufu ya majike. Kelele zinazomkosesha jirani yetu usingizi ni zao, na mkojo mlangoni ni tangazo la dume kwa madume wenzake kwamba hapa pana mwenyewe.

Ukishaliona hilo, utaelewa kwa nini sumu na kiroba havijawahi kumaliza paka wa mtaa wowote. Ukiondoa paka kumi ukaacha pipa wazi, umetangaza nafasi kumi. Kusini mwa Tasmania, Australia, watafiti waliwapunguza paka mwitu katika maeneo mawili ambayo paka wa jirani waliweza kuingia, huku kamera zikihesabu. Idadi ilipanda, kwa asilimia 75 eneo moja na kwa asilimia 211 eneo la pili. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba wakubwa wenye maeneo yao walipoondolewa, wadogo waliokuwa wamezuiwa pembeni waliingia. Kuua wachache wachache namna hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu, na kwa sumu ni kutwanga kwa ukatili, kwa sababu sumu haichagui paka na mbwa wa nani, wala haimwonei huruma mtoto aokotaye vitu chini.

Lakini visiwani si wamefanikiwa? Ndiyo, na mfano ninaoukumbuka daima ni wa Marion, kisiwa cha Afrika Kusini kilicho mbali kusini katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa huko wakamate panya kwenye kituo cha hali ya hewa. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 2,000, wakila kila mwaka mamia ya maelfu ya ndege wa baharini wanaotaga mashimoni. Kuwamaliza kulianza na virusi vya ugonjwa wa paka vilivyopelekwa makusudi mwaka 1977, kisha bunduki za usiku, mitego na sumu, hadi kazi ikaisha mwaka 1991. Iliwezekana kwa sababu bahari ilizuia paka wengine kuingia. Tena panya waliosababisha paka kuletwa wangali wapo, na siku hizi hushambulia makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, yakiwa hai kiotani. Mtaa hauna bahari ya kuuzunguka, na hakuna anayetaka bunduki za usiku nje ya dirisha lake.

Inabaki njia ndefu: kukamata, kufunga kizazi, kurudisha pale pale.

Yule jike wa ukutani alituchukua siku nne. Mtego wenyewe ni tundu refu la waya lenye bamba sakafuni. Paka akilikanyaga, mlango unashuka. Siku tatu za kwanza tuliuzuia mlango usishuke, chakula kikiwa ndani, ili azoee kuingia na kutoka bila kudhurika. Siku ya nne hatukuweka chakula mchana kutwa. Jioni mama alikaa nyuma ya mlango wa ngazi akichungulia kwenye ufa, mimi nikiwa nimeshika shuka kuukuu. Jike alinusa, akarudi nyuma, akaingia nusu, akatoka, akakaa kujiramba kama asiye na haja. Halafu akaingia. Mlango ulipogonga alijirusha kwenye waya mara tatu kwa nguvu ambazo sikudhani paka mwembamba vile anazo. Nilimfunika kwa shuka na kimya kikarudi. Gizani paka aliyenaswa huacha kupigana.

Kwa daktari alipewa nusu kaputi. Tumbo liliponyolewa, daktari aliniita nisogee. Chuchu zilikuwa zimevimba, manyoya yamelala kuzizunguka. Alikuwa ananyonyesha, na sisi hatukujua. Nilimpigia mama simu, naye akatafuta kwa tochi kwenye kila uwazi wa jengo mpaka akawakuta watatu nyuma ya tangi la maji, macho yamefunguka, wameanza kutembea, wenye majuma matano hivi. Mmoja alimpulizia kwa hasira, kimwili chenyewe hakijazi kiganja. Jike alirudishwa kwao usiku ule ule, kwa sababu anayenyonyesha hacheleweshwi. Kuanzia kesho yake mama alishika wale watatu kila siku, akiwalisha kwa kidole, akiwasemesha. Siku za kufunzwa zilikuwa zimebaki kidogo lakini zilitosha. Wote watatu sasa wana nyumba, na hata aliyepuliza hulala kitandani kwa watu.

Sikio hukatwa wakati huo huo wa usingizi, kipande cha sentimita moja hivi. Wapo wanaoliona wakadhani ni ukatili. Ni alama ya kumwokoa paka asikamatwe tena, asifungiwe tena, asipasuliwe tena kutafuta kizazi ambacho hakipo. Rangi ya shingoni hupotea, na kola inaweza kumnyonga kwenye uzio, bali sikio huonekana hata kutoka upande wa pili wa barabara. Japani hukata kwa umbo la herufi V, sikio likawa kama jani la ua la mcheri, kulia kwa dume na kushoto kwa jike.

Je, njia hii inapunguza paka? Inategemea, na wanaoipigia debe hawakusaidii wakikuficha hilo. Katika Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, kazi ilianza mwaka 1991, na katika miaka 11 paka 155 waliandikwa kwenye kumbukumbu. Baada ya mwaka 1995 hakuonekana tena mtoto wa paka aliyezaliwa pale. Mwaka 1996 walihesabiwa 68; mwaka 2002 walibaki 23. Sehemu inayosahaulika ni kwamba karibu nusu ya wale 155 walichukuliwa na watu wakafugwa. Bila nyumba hizo, idadi ingeshuka polepole zaidi.

Roma ina hadithi nyingine. Sheria ya Italia namba 281 ya mwaka 1991 inakataza kuua paka wanaoishi huru isipokuwa wagonjwa wasiotibika, na mji una makundi maarufu, likiwemo la Largo di Torre Argentina, kwenye magofu ya mahekalu karibu na alipouawa Julius Caesar. Kati ya mwaka 1991 na 2000 paka karibu 8,000 walifungwa kizazi mjini humo. Katika makundi yaliyochunguzwa idadi ilishuka kwa asilimia 16 hadi 32 tu, kwa sababu paka wapya, waliotupwa au waliojileta wenyewe, waliendelea kuingia. Watafiti wenyewe waliandika kwamba bila kuwaelimisha wanaofuga paka majumbani wafunge uzazi wao, kampeni hizi ni upotevu wa fedha, muda na nguvu. Ni kauli nzito kutoka kwa watu waliopenda kazi hiyo, nami nakubaliana nao. Tunakausha sakafu huku bomba likimwagika, na bomba liko ndani ya nyumba za watu, kwa yule mpole asemaye "acha azae mara moja tu", kisha mwezi wa tatu hana wa kumgawia watoto.

Halafu kuna kiwango. Hesabu za kitaalamu zimeonyesha kwamba inabidi zaidi ya asilimia 70 ya kundi wawe wamefungwa kizazi ndipo uzazi ushindwe kuziba pengo la wanaokufa. Ukifunga watatu kati ya kumi umewasaidia hao watatu, ila kundi halitajua kama kuna kilichotokea. Ni afadhali kumaliza kundi moja kuliko kugusa makundi matano.

Kuhusu ndege sitaki kupita kimya, maana hapa wapenda paka huwa tunainamisha macho. Makadirio ya mwaka 2013 yalisema paka wa Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4.0 kwa mwaka, wengi wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Aliyefungwa kizazi bado anawinda, na aliyeshiba naye anawinda, kwa sababu kwa paka kuwinda na njaa ni vitu viwili. Kwa hiyo mahali pana uzito. Nyuma ya jengo letu ningemrudisha jike yule hata kesho. Karibu na pwani wanakotaga ndege wa nadra, au kando ya hifadhi, nisingemrudisha, na anayesema paka ana haki ya kuwa popote hajamsikiliza anayelinda viota.

Magonjwa nayo yana kweli na chumvi. Paka ndiye mnyama ambaye ndani yake kimelea cha toksoplasma hukamilisha uzazi wake, na maambukizi ya mjamzito yanaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini paka kwa kawaida hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu anapoambukizwa mara ya kwanza, na mayai yakishatoka yanahitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Watu wengi hupata maambukizi kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo. Mjamzito asishike kinyesi cha paka, na anayelima bustani avae glavu na kunawa. Kichaa cha mbwa ni jambo zito zaidi: karibu vifo vyote vya watu hutokana na mbwa, hata hivyo paka naye anaweza kuambukiza. Aliyeng'atwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu paka akiwa kwenye usingizi ule wa upasuaji huchanjwa pia. Nafasi ya kumshika haitarudi.

Ilibaki sufuria. Jirani alitaka mama akatazwe kulisha. Nimeona mahali walipokataza: paka hawakuhama, walitawanyika kwenye mapipa, na waliowalisha wakaanza kumwaga chakula usiku kwa kujificha, ambacho asubuhi kilikuwa cha panya. Kulisha bila kufunga kizazi ni kuzalisha, hilo jirani alikuwa sahihi. Kulisha kwa saa maalumu, mahali pamoja, mbali na madirisha, na kuondoa mabaki baada ya nusu saa, ndiko kunakowezesha kuwahesabu, kumwona mgonjwa, na kumnasa mgeni. Mama alihamisha sufuria hadi upande wa ukuta wa nyuma kabisa. Madume mawili tuliyahasi mwezi uliofuata. Kelele hazikuisha siku ile. Zilipungua kwa majuma, na mlango wa jirani ukaacha kunuka.

Hakumwomba mama radhi wala mama hakuidai. Wanasalimiana. Juzi asubuhi nilipokuwa nashuka, jirani alinisimamisha ngazini, akashusha sauti kama mwenye siri.

"Kuna mgeni kule nyuma. Wa kijivu, jike nadhani. Nimemtazama vizuri, masikio yake yote mazima."